Chuya za Uani

Asubuhi tuliwafukuza, jioni tukawalisha, na mara nyingi walikuwa ndege wale wale.

Nilizaliwa 1957 katika kijiji kimoja jirani na Ngao, Tana ya chini, na kazi yangu ya kwanza, kabla sijaaminiwa hata kubeba mtoto mgongoni, ilikuwa kuamia. Neno hili linapotea. Nikilitaja dukani hapa Garsen, vijana hudhani nilitaka kusema "kuhamia" nikateleza ulimi. Kuamia ni kukaa shambani wakati mpunga unatia maziwa, ukawazuia ndege wasiuguse. Mpunga ukishakuwa mgumu hatari haiishi, ila inapungua. Ni zile wiki chache ambazo punje ukiiminya inatoa utomvu mweupe ndizo ndege walizokuwa wakizingoja. Nasi tukizingoja pia, kwa sababu nyingine.

Babu alisimamisha dungu katikati ya shamba: miti minne, sakafu ya fito, na paa dogo la makuti ya mkoma. Kutoka hapo kamba zilitanda kila upande, zimefungwa mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia. Ukivuta moja, kona nzima ya shamba inalia. Kwa mbali zaidi tulitumia kombeo. Mawe hatuna; bonde zima ni tope lililoletwa na mto, unaweza kutembea kutwa usikanyage kokoto. Kwa hiyo usiku tulifinyanga vidonge vya udongo, tukavianika kando ya meko, na alfajiri kila mtoto akapanda dunguni na kikapu chake. Ndege wana njaa kali mara mbili: kuanzia mapambazuko hadi kama saa nne, na tena kuanzia saa tisa hadi magharibi. Kati ya hapo jua linawaweka kivulini, na watoto nao wakalala dunguni kwa zamu. Mwaka ule uliofuata mafuriko makubwa ya 1961, kaka yangu alilala zamu isiyo yake. Nilikuwa na miaka mitano tu, lakini kipigo alichokipata nakikumbuka kama nilikipata mimi.

Tuliwajua ndege kwa tabia kuliko kwa majina. Kwelea alikuja kama moshi, kundi zima likigeuka kwa pamoja angani, na likishatua huoni tena suke. Wataalamu wamepima wakaona kwelea mmoja hula hadi gramu 10 za nafaka kwa siku. Gramu 10 si kitu, hata mtoto huzidondosha akila. Lakini wakiwa laki moja, hiyo ni tani nzima kabla jua halijatua, na kundi la laki moja kwa kwelea si kundi kubwa. Mnana alikuja wawili watatu, mjanja, akitokea kwenye kiota chake kilichoning'inia juu ya maji. Tongo alilishika suke kwa miguu hadi likapinda. Na chiriku, maskini, hakuwa mwizi hata kidogo. Alikuwa akiokota mbegu za magugu kwenye tuta, akijiimbia, lakini kombeo halichagui.

Jioni tulirudi nyumbani tumekauka makoo. Uani, chini ya mkwaju, nyanya alikuwa ameshaanza kutwanga.

Mtu asiyewahi kula mpunga wa kinu huenda asielewe hapa, kwa hiyo nitakwenda polepole. Mpunga ukitwangwa kinuni hautoki wote sawa. Unapata mchele mzima, unapata chenga zilizovunjika, unapata wishwa na makapi, na hata ufanye nini zinabaki chuya, zile punje zilizokataa kuvuliwa ganda. Mwanamke hupepeta kwenye uteo; makapi yanaruka na upepo, chenga zinatengwa kwa uji wa watoto, halafu anaketi kuchambua chuya moja moja kwa kidole. Hizo za mwisho nyanya alizitupa kwa mkono wa kushoto, bila kuangalia, kuelekea ukutani kwenye mashina ya migomba. Ukuta huo ulikuwa umejaa ndege. Walijua mlio wa mchi. Ukianza kupiga tu, tetere anashuka kwenye mkwaju, kisha pugi, kisha wale wadogo wenye midomo minene, na mwisho wale wa manjano.

Siku moja nilichukua kombeo nikawalenga. Nyanya akaniuliza kulikoni. Nikamwambia, nyanya, si ndio hawa hawa wa asubuhi? Akanijibu kwamba ndege wa shambani ni mwizi, ndege wa uani ni mgeni. Nilibaki na swali hilo miaka mingi: mwizi anageukaje mgeni kwa kuvuka tu njia ya miguu? Sasa nimefika umri aliokuwa nao siku ile, na naona hakuwa akifanya falsafa. Shambani ndege alikula kabla yetu. Uani alikula baada yetu.

Nimefundisha shule za msingi za Garsen na vijiji vyake kuanzia 1979 hadi nilipostaafu, na katika miaka hiyo yote nilipenda kuwauliza wazee kuhusu jambo hili dogo, wakati wengine waliwauliza kuhusu vita na wamisionari. Historia ya Tana iliyoandikwa ni ya watu wakubwa. Mwaka 1878 daktari wa Kijerumani Gustav Fischer, aliyekuwa na makao yake Zanzibar, alipanda mto huu kupitia nchi ya Wapokomo. Alikuwa mkusanyaji wa ndege, na jina lake limebaki kwa shorobo wetu wa misituni, yule wa kijani mwenye wekundu kwenye ushungi. Miaka michache baadaye wakaja wamisionari: Wamethodisti wa Uingereza Golbanti, ambako John Houghton na mkewe waliuawa 1886, na Wajerumani wa Neukirchen huko Ngao. Hao walijenga, wakazika, wakaandika. Mimi nilichotaka kujua ni kingine: mpunga wa huku ulitwangwa wapi, na chuya zake zilimwagwa wapi?

Kwa sehemu jibu liko kwenye ramani. Mpunga wa Tana haukuwa wa kula nyumbani tu. Ulishuka kwa mitumbwi hadi Kau na Kipini, na kutoka huko kwa majahazi hadi Lamu. Katika karne ya 19 ukachimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, ili mitumbwi isilazimike kupambana na mlango wa mto na mawimbi ya bahari. Mfereji ulikuwa mwembamba. Kisha mafuriko yakaupanua, na mto mwenyewe ukaona njia ile ni fupi, ukahamia humo. Ndiyo maana leo Tana inamwagikia Kipini na si kule ilikokuwa ikimwagikia zamani. Watu walichimba njia ya mpunga, mto ukaifuata. Kila nikilifikiria jambo hilo nacheka, maana wahandisi waliokuja baadaye na mitambo mikubwa hawakuwahi kuupata mto uwatii kiasi hicho.

Mpunga huo wa kuuza ulisafiri na maganda yake, kwa kuwa mpunga wenye ganda hauharibiki upesi kama mchele. Kwa hiyo sehemu ya chuya za Tana ziliokotwa na ndege wa nyua za Lamu. Sijui kama waliimba kwa lafudhi ya Kiamu.

Serikali ya kikoloni, ilipotaka kulima bonde la Tana kwa maji ya mifereji, ilianza Hola katika miaka ya 1950, kwa mikono ya wafungwa wa kizuizini. Zao kuu lililoshamiri huko, na baadaye Bura, lilikuwa pamba. Shangazi yangu aliolewa huko juu, na alipotutembelea tulimwuliza watoto wa Hola wanaamia namna gani. Akasema hawaamii; nani aliwahi kuona ndege akila pamba? Sisi tulimwonea wivu mtoto wa Hola. Nyanya alisema shamba lisilotamaniwa na ndege hata wewe usilitamani, na pamba ilipoanguka bei alilirudia neno hilo kwa raha ambayo, nakiri, haikuwa ya Kikristo sana.

Kilichotuhamisha kutoka kwenye mpunga hakikuwa ndege wala pamba. Kilikuwa mbali sana nasi, juu huko mto unakoporomoka. Kindaruma lilikamilika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Hayo ni mabwawa matano ya umeme, na nyumba ya nyanya ilikufa haijawahi kuwaka taa. Mpunga wetu haukumwagiliwa na pampu. Ulingoja mto upande kingo zake mara mbili kwa mwaka, ulale kwenye mabonde na maziwa madogo, uache tope jipya, kisha ushuke polepole nasi tukipanda nyuma yake. Mto uliofungwa juu haupandi vile. Ulikuja mara moja kwa kishindo, au haukuja kabisa. Watu wakageukia mahindi na ndizi, na Ngao ikajaa maembe. Madungu yakaoza. Mimi niliyaona hayo kwenye rejista ya darasa. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, wiki za kuamia, darasa la tatu lilibaki na watoto kumi na wawili kati ya arobaini. Nilikasirika, nikawaandikia wazazi barua kali, mimi niliyekuwa mwanafunzi wa dungu. Miaka kumi baadaye mahudhurio yalikuwa kamili mwaka mzima. Mkaguzi alinipongeza.

Kipindi hicho hicho mashine ya kukoboa ilifika Garsen. Hakuna mwanamke aliyeilalamikia, na anayesema zamani ya kinu ilikuwa tamu hajawahi kuamka saa kumi na moja kutwanga kwa ajili ya watu tisa. Mabega ya nyanya yalikuwa magumu kama mchi wenyewe. Lakini siku ambayo mpunga wa kijiji ulipakiwa kwenye gunia ukapelekwa mashineni, chuya zote, chenga zote na wishwa yote vilihama uani. Na ndege wakahama navyo. Nilikuwa nikipita pale mashineni nikitoka shuleni: paa la mabati limefunikwa na ndege, wengine wanaingia hadi ndani wakiruka juu ya mkanda unaozunguka, na mwenye mashine, mtu mpole, ameacha kuwafukuza. Lundo la makapi nyuma ya kibanda lilikuwa kubwa kuliko nyumba. Nyua zetu zikanyamaza.

Kisha likaja shamba la TARDA, ile mamlaka ya mito Tana na Athi iliyoundwa 1974. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, kwa fedha za Japani, ulianza mradi mkubwa wa mpunga huku deltani, wenye matuta ya kuzuia mto, mifereji na kinu cha kisasa. Ndege nao walisikia habari. Vijana wawili niliowafundisha waliajiriwa kuamia kwa ujira wa siku, na mmoja alikuja kunionyesha kombeo lake lililosukwa kwa uzi wa nailoni. Nilimwuliza jioni chuya zinakwenda wapi. Hakulielewa swali. Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño zikaja, mto ukayabomoa matuta, na mpunga ule ukaondoka kama ulivyokuja. Shamba limefufuliwa baadaye kwa vipande, likalala, likaamka. Mimi sikulifuatilia tena.

Tangu hapo wali wa Garsen ni wa gunia. Unashuka Mombasa kutoka Pakistani, mweupe, safi, umepita mashine zenye macho kuliko vidole vya nyanya. Hauna chuya. Nimeumwaga kwenye uteo nikauchambua kwa mazoea, nikaketi na uteo mapajani sina cha kutupa.

Haya yote yangebaki kichwani mwangu kama si binti yangu. Ameolewa Marekani, jimbo la Minnesota, na msimu mmoja wa kiangazi chao alinitumia picha ya ndege wa manjano wameng'ang'ania bomba lenye matundu lililotundikwa nyuma ya nyumba yake. "Mama," akaandika, "si chiriku hawa?" Nilivaa miwani. Ni wa ukoo huo, ndiyo, ila dume lao lina kofia nyeusi na bawa jeusi. Huko anapendwa mno, majimbo matatu yamemfanya ndege wao rasmi. Anachelewa kutaga kuliko ndege wengine, anangoja mimea ya miiba itoe mbegu na sufi, na kipupwe kikija dume huvua karibu manjano yote akabaki rangi ya nguo iliyofuliwa mara mia.

Nilimwuliza anawalisha nini. Akanitumia picha ya mfuko wa mbegu nyeusi nyembamba kama sindano zilizokatwa. Inaitwa Nyjer, jina la biashara lililosajiliwa 1998, lakini mbegu yenyewe ni ya kale na si ya huko. Ni mbegu ya mafuta ya nyanda za juu za Uhabeshi, na Waoromo wa kule huiita nuugii. Husafirishwa kutoka Ethiopia na India, na Marekani hailiruhusu gunia kuingia kabla mbegu hazijapashwa moto, ili mbegu za magugu zilizochanganyika nazo zisije zikaota kwenye udongo wao. Hebu fikiria: mkulima wa Kioromo anapalilia, mbegu inachomwa, inapanda meli, inavuka bahari, ili ndege wa uani wa binti yangu wale. Na majirani zangu hapa ni Waorma, ambao lugha yao ni tawi la Kioromo hicho hicho. Nilikwenda kwa mama mmoja anayeniuzia maziwa nikamtajia nuugii. Alicheka sana. "Mwalimu," akasema, "sisi ni watu wa ng'ombe. Mambo ya mbegu waulize Wapokomo."

Lakini picha ile ilinichokoza. Nikaanza kutundika uteo wangu wa zamani kwenye mwarobaini, kwa kamba tatu, kimo cha kichwa ili kuku wa jirani wasiufikie na paka asipate pa kuchuchumaa. Niliweka mtama wa dukani. Walikuja jurawa na tetere, na wiki ya pili mnana, tele, wakelele, wakimwaga zaidi ya wanachokula. Nilimwandikia binti yangu kwamba chiriku wamerudi. Kijana mmoja anayeongoza wageni wanaokuja kutazama ndege wa delta (hifadhi ya ardhioevu ya kimataifa tangu 2012, na wageni wapo) akapita kunisalimu, akatazama juu ya mti, akanisahihisha kwa adabu. Shikamoo mwalimu, lakini yule wa dhahabu mwenye kichwa kinachoelekea rangi ya chungwa ni mnana. Chiriku ni mdogo zaidi, mgongo wake una ukijani na michirizi, na pembeni ya mdomo ana mstari mweusi kama sharubu. Kumbe nusu ya maisha nilimwita mnana chiriku. Nilijiuliza ni wangapi waliokula vidonge vya udongo kwa makosa ya wengine.

Chiriku wa kweli alikuja kwa uvivu wangu. Nilikuwa na matuta mawili ya mchicha nyuma ya jikoni, nikaugua goti, mchicha ukapita kimo, ukatoa masuke, ukazeeka. Asubuhi moja nikasikia wimbo mwembamba unaoruka ruka, nikachungulia: wanne, wamekaa juu ya masuke ya mchicha, wanakoboa. Uteo wa mtama, hatua sita kutoka pale, hawakuujali. Nikakumbuka wale wa kwenye tuta waliokuwa wakiokota magugu huku sisi tukiwatupia udongo. Tangu siku hiyo tuta moja la mchicha silivuni. Jirani yangu huniambia, kwa huruma, kwamba atanitafutia kijana wa kunipalilia.

Maji niliyaongeza baadaye, karai lililopasuka ukingo, na naona ndege wa Garsen huyapenda kuliko nafaka. Kiangazi cha huku vumbi huingia hadi kwenye sukari. Karai nalisugua kila siku mbili. Mtama ukinyeshewa naumwaga, kwa sababu ukioza huua, na nimeshaokota mmoja akiwa amekauka chini ya mti nisijue kama ni mtama wangu au ni sumu ya mtu. Sumu hutumika, ya kunyunyiziwa jioni pale kwelea wanapolala; inaua kwelea na kila aliyelala karibu nao. Kombeo lilikosa shabaha, lakini lilikosa mmoja mmoja.

Mafuriko ya Novemba 2023 yalipofika hadi kizingiti changu, nilihamia kwa mdogo wangu wiki tatu. Niliporudi, tope lilikuwa limefika nusu ya shina la mwarobaini na uteo ulikuwa unaning'inia bado, mtupu, umefumwa nyuzi za nyasi pembeni. Mnana mmoja alikuwa amejaribu kuufanya nyumba.

Juzi nilisikia kwamba kuna watu wa Idsowe wamepanda mpunga tena nyuma ya maji hayo, wa kienyeji, si mwingi. Nikashika bodaboda hadi mashineni. Siyo ile ya zamani. Hii ni ya kijana, ana redio na meza ya kuchajia simu. Nyuma ya kibanda, lundo dogo, na juu ya lundo, wao. Nilimwambia nataka kununua chuya.

"Chuya, mwalimu? Si nikupe chenga, hizo hata binadamu anakula."

Nikamwambia chuya, pishi mbili. Akanipimia akicheka, akaongeza konzi moja ya bure, akanifungia mfuko.

"Una kuku wangapi?"

"Sina kuku," nikamwambia.

Akanitazama, akatazama lundo lake, wakainuka wote kwa pamoja kwa sababu bodaboda ilikuwa imewashwa, na yeye, bila kufikiri, akawapigia makofi kuwafukuza.